Kura ya kinyongo: je, walioshindwa kwenye mchujo huamua nani awe rais wa Marekani?

Tarehe 23 Aprili 2024, wanachama wa Republican katika jimbo la Pennsylvania walipiga kura ya mchujo ambayo haikuwa na la kuamua. Donald Trump alikuwa amekwishajihakikishia uteuzi, na mpinzani wake wa mwisho, Nikki Haley, alikuwa amejitoa tangu tarehe 6 Machi. Hata hivyo watu wapatao 158,000, zaidi kidogo ya asilimia 16 ya waliopiga kura, walikwenda vituoni kumchagua mtu ambaye hakuwa tena mgombea. Pennsylvania hufunga mchujo wake, maana yake ni kwamba waliofanya hivyo walikuwa wameandikishwa kama Warepublican. Na kwa kuwa Joe Biden alikuwa amemshinda Trump jimboni humo mwaka 2020 kwa kura 80,555 tu, wachambuzi wengi waliweka tarakimu hizo mbili kando kwa kando wakahitimisha kwamba Trump ana tundu katika jahazi lake. Novemba ilipofika, Trump aliichukua Pennsylvania kwa tofauti ya kura 120,266, na pamoja nayo akachukua majimbo yote saba yaliyokuwa na ushindani mkali.

Swali lililobaki ni zito kuliko utabiri wa mwaka mmoja. Je, wapigakura ambao mtu wao ameangushwa ndani ya chama, wakabaki na kinyongo, wanaweza kweli kugeuza matokeo ya urais? Jibu langu ni kwamba wanaweza, lakini mara chache, na karibu kamwe si kwa hesabu inayofanywa usiku wa mchujo. Sehemu kubwa ya kura inayoitwa ya waasi hutoka kwa watu ambao chama kilikwisha kuwapoteza zamani, au ambao hakikuwahi kuwa nao. Wanaogeuza uchaguzi ni wale wachache waliokipigia chama kile mara iliyopita na sasa wanasita; na hao, kwa bahati mbaya, ndio ambao takwimu za mchujo haziwatenganishi na wengine.

Ugumu huo unatokana na mfumo wenyewe. Tangu mageuzi yaliyofuata vurugu za mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago mwaka 1968, uteuzi wa mgombea urais umewekwa mikononi mwa wananchi wanaopiga kura jimbo baada ya jimbo, kuanzia majira ya baridi hadi Juni. Baadhi ya majimbo, kama Pennsylvania, huruhusu wanachama walioandikishwa peke yao. Mengine, kama Michigan, Wisconsin na Georgia, hayana kabisa daftari la wapigakura kwa chama, na siku ya mchujo mtu huchagua mwenyewe ashiriki katika kinyang'anyiro cha chama gani. Kwa hiyo katika kura alizopata Haley wamo Warepublican wa miaka mingi waliochoshwa na Trump, wamo wasiofungamana na chama chochote, na wamo waliompigia Biden mwaka 2020 na waliokusudia kumpigia tena. Aina hii ya tatu haiwezi kumdhuru Trump Novemba, kwa sababu hakuwa nayo tangu mwanzo. Ukiihesabu kama hasara yake, umemtoza deni ambalo alikwisha kulilipa miaka minne nyuma.

Kuna hesabu nyingine ambayo ni rahisi lakini husahauliwa. Mpigakura anayehama kutoka mgombea mmoja kwenda kwa mpinzani wake ana uzito wa kura mbili, kwa sababu huyu anapungukiwa na moja na yule anaongezewa moja. Anayebaki nyumbani, au anayeipeleka kura yake kwa mgombea wa chama kidogo, ana uzito wa moja tu. Ili kumnyima Trump Pennsylvania mwaka 2024, ingebidi watu 60,134 waliomchagua wahamie kwa Kamala Harris, aliyechukua nafasi ya Biden kama mgombea wa Democratic. Ikiwa hao wote wangetoka katika kundi la 158,000, ingehitajika zaidi ya theluthi yake ihame, juu ya wale ambao tayari walikuwa wamehama bila kumsaidia vya kutosha. Mahojiano yaliyofanywa na wapigakura wakitoka vituoni yalionyesha kwamba nchini kote Harris alipata takriban asilimia 5 ya Warepublican. Biden alikuwa amepata asilimia 6 mwaka 2020. Kinyongo kilikuwapo, lakini hakikuongezeka.

Mwaka unaotajwa kila mara mjadala huu unapoibuka ni 2016, na ni haki utajwe, kwa sababu hapo ndipo hoja ya kwamba waasi huamua uchaguzi ilipokaribia zaidi kuthibitika. Katika mchujo wa Democratic, Bernie Sanders alipata kura zipatazo milioni 13 dhidi ya karibu milioni 17 za Hillary Clinton. Alimshinda Clinton katika mchujo wa Michigan tarehe 8 Machi, kisha Wisconsin tarehe 5 Aprili. Siku chache kabla ya mkutano mkuu wa Philadelphia, barua pepe za ofisi kuu ya chama zilianikwa hadharani na mtandao wa WikiLeaks, zikionyesha watendaji waliopaswa kuwa waamuzi wakimzungumzia Sanders kwa kebehi, na mwenyekiti wa chama, Debbie Wasserman Schultz, akalazimika kung'atuka. Wajumbe wa Sanders waliingia ukumbini wakiwa na hisia za kuibiwa. Sanders mwenyewe alikuwa amekwisha kumuunga mkono Clinton, na baadaye alizunguka majimboni kumfanyia kampeni, lakini kiongozi hawezi kuwahamisha wafuasi wake kama mizigo.

Utafiti mkubwa wa vyuo vikuu uliowahoji zaidi ya watu 60,000 kuhusu uchaguzi huo, na ambao mwanasayansi ya siasa Brian Schaffner aliuchambua mwaka uliofuata, ulikadiria kwamba takriban asilimia 12 ya waliompigia Sanders katika mchujo walimpigia Trump Novemba. Tafiti nyingine zilikuja na makadirio madogo zaidi, hadi nusu ya hayo. Kwa makadirio ya Schaffner, waliotoka kwa Sanders kwenda kwa Trump walikuwa kama 51,000 Wisconsin, 47,000 Michigan na 116,000 Pennsylvania. Trump alishinda Wisconsin kwa kura 22,748, Michigan kwa 10,704 na Pennsylvania kwa 44,292. Ukitumia kanuni ya uzito wa kura mbili, ingetosha robo moja tu ya wahamaji hao kubaki na Clinton, naye angechukua majimbo yote matatu, kura 46 za wajumbe wa uchaguzi (ambao ndio humchagua rais, kwa hesabu ya jimbo kwa jimbo), na urais.

Mtu akiishia hapo, kesi imekwisha: wafuasi wa Sanders walimweka Trump madarakani. Wengi waliishia hapo, na maneno makali ambayo pande mbili za chama cha Democratic zilirushiana hayajapoa hata leo. Lakini tukiwatazama wahamaji hao kwa karibu, tunakuta picha tofauti na ile ya kijana mwenye siasa za mrengo wa kushoto aliyejawa na ghadhabu. Utafiti uleule ulionyesha kwamba wengi wao hawakujitambulisha kama Wademokrat imara, hawakuridhishwa na Barack Obama, na mitazamo yao kuhusu masuala ya rangi na ubaguzi ilikuwa mbali na ile ya wafuasi wengine wa Sanders. Kwa sehemu kubwa, hawa walikuwa watu wa kumkataa Clinton, si watu wa kumfuata Sanders. Mchujo uliwapa jina la pili la kuweka alama, wakaliweka. Kama Sanders asingegombea, sioni sababu ya kuamini kwamba wangerudi kwa Clinton.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa wanaopenda jibu moja. Tofauti ya kura 10,704 ni ndogo kiasi kwamba karibu kila kundi la Michigan linaweza kudai kwamba ndilo lililoamua. Jill Stein wa chama cha Kijani alipata zaidi ya kura 51,000 jimboni humo. Zaidi ya watu 75,000 walipiga kura lakini wakaacha wazi nafasi ya rais. Katika jiji la Detroit peke yake, Clinton alipata kura zipatazo 47,000 pungufu ya zile alizopata Obama mwaka 2012, na Detroit ni mji wa watu weusi waliomuunga mkono Clinton katika mchujo, si Sanders. Hawa hawakuwa na kinyongo cha mchujo. Walikuwa na sababu nyingine za kubaki nyumbani, na ni ajabu jinsi walivyotajwa kidogo kuliko wanafunzi wa vyuo waliovaa fulana za Sanders. Kusema kwamba wafuasi wa Sanders waliamua matokeo ya Michigan ni kweli kwa maana ya hesabu, na si kweli kwa maana ya kwamba wao ndio chanzo, kwa kuwa vyanzo vya namna hiyo vilikuwa vingi na kila kimoja kilitosha.

Ukilinganisha na 2008, ubishi unazidi kufifia. Mwaka ule Clinton ndiye aliyeshindwa, kwa tofauti ndogo mno, akiwa na kura zipatazo milioni 18, na baadhi ya wafuasi wake waliapa hadharani kwamba hawatamchagua Obama kamwe. Makadirio ya waliompigia John McCain, mgombea wa Republican, baadaye ni kati ya asilimia 15 hivi na robo nzima ya wafuasi wa Clinton, kutegemea utafiti, yaani uasi mkubwa kuliko ule wa 2016. Obama alishinda kwa kura 365 za wajumbe dhidi ya 173. Uchumi ulikuwa umeporomoka mwezi Septemba, George W. Bush alikuwa amewachosha wananchi, na kwa kila Mdemokrat aliyetoka mlangoni waliingia wengine zaidi, wengi wao vijana na weusi waliokuwa wakipiga kura kwa mara ya kwanza. Kinyongo kina nguvu pale tu ambapo wanaoingia hawatoshi kuziba pengo la wanaotoka.

Kama kuna jimbo linalofundisha jinsi ya kuisoma kura ya kinyongo, ni West Virginia. Kwa vizazi kadhaa lilikuwa ngome ya Wademokrat, jimbo la wachimba makaa ya mawe na vyama vyao vya wafanyakazi, na watu waliendelea kubaki kwenye daftari la chama hicho muda mrefu baada ya kuacha kukipigia kura ya urais. Bush alilichukua mwaka 2000 na tena 2004. Katika mchujo wa Mei 2008, Clinton alimshinda Obama hapo kwa asilimia 67 dhidi ya 26. Mwaka 2012, Obama akiwa rais aliyepo madarakani, mfungwa aliyekuwa akitumikia kifungo katika gereza la shirikisho huko Texas aliweka jina lake kwenye mchujo wa jimbo hilo na kupata asilimia 41 ya kura. Wiki mbili baadaye, katika jimbo jirani la Kentucky, asilimia 42 ya Wademokrat walichagua kutomchagua mtu yeyote kuliko kumchagua rais wao. Novemba ya mwaka huo Obama alichaguliwa tena bila wasiwasi mkubwa.

Mwaka 2016 Sanders, mtu anayejiita msoshalisti, alishinda mchujo wa West Virginia katika wilaya zote 55. Anayesoma takwimu hizo bila kuijua historia ya mahali pale angedhani milima ya Appalachia imegeuka kuwa ya kisoshalisti. Miezi sita baadaye Trump alilichukua jimbo hilo kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 40. Clinton yuleyule aliyekuwa kimbilio la wenye hasira mwaka 2008 ndiye aliyekuwa shabaha ya hasira yao miaka minane baadaye. Watu hawa hawakuwa wafuasi wa Clinton, wala wa mfungwa, wala wa Sanders. Walikuwa watu wanaoondoka, na mchujo ulikuwa kituo chao cha mwisho kabla ya kuvuka. Hakuna mgombea aliyepoteza urais kwa sababu yao mwaka 2012 au 2016, kwa sababu hesabu za kitaifa zilikwisha kuwaweka upande wa pili. Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu makosa mengi ya uchambuzi hutokana na kudhani kwamba daftari la chama ni picha ya moyo wa mpigakura.

Wapo wanaojibu kwa kutaja marais waliopingwa ndani ya vyama vyao. Gerald Ford alinusurika mbele ya Ronald Reagan kwa wajumbe 1,187 dhidi ya 1,070 mwaka 1976, akashindwa Novemba. Jimmy Carter alipingwa na Edward Kennedy mwaka 1980, akashindwa. George H. W. Bush alishuhudia Pat Buchanan akipata zaidi ya theluthi ya kura za New Hampshire mwaka 1992, akashindwa. Mfululizo huo unavutia, lakini Carter aliangushwa na mfumuko wa bei uliopita asilimia 13 na mateka wa Tehran, na Bush aliangushwa na uchumi dhaifu na ahadi ya kodi aliyoivunja. Rais anayepingwa vikali na watu wake kwa kawaida ni rais aliyekwisha kudhoofika, na udhaifu uleule unaomwalika mpinzani wa ndani ndio unaompa ushindi mpinzani wa nje. Ford ndiye peke yake ninayesita juu yake, kwa kuwa Ohio ilimponyoka kwa kura zipatazo 11,000 tu, na mtu anaweza kuamini kwamba wafuasi wa Reagan wenye moyo zaidi wangeziba pengo hilo. Lakini mtu anaweza kuamini vivyo hivyo kuhusu msamaha aliompa Richard Nixon, mtangulizi wake aliyejiuzulu kwa kashfa.

Uasi wa mchujo uliogeuza urais bila ubishi ni wa mwaka 1912. Theodore Roosevelt alishinda sehemu kubwa ya michujo michache iliyofanyika, chama cha Republican kikampa uteuzi William Howard Taft, na Roosevelt akaanzisha chama chake na kuondoka na wafuasi wake. Alipata asilimia 27 ya kura, Taft 23, na Woodrow Wilson akaingia ikulu kwa asilimia 42. Tofauti na kesi nyingine zote ni kwamba wenye kinyongo walikuwa na mahali pa kwenda, wakiongozwa na mtu waliyemtaka. Leo sheria za majimbo mengi humzuia aliyeshindwa kwenye mchujo kurudi kwenye karatasi ya kura kupitia mlango mwingine, ingawa makali ya sheria hizo kwa wagombea urais hutofautiana jimbo hadi jimbo, na kwa vitendo hakuna mgombea aliyerudia alichofanya Roosevelt kwa ukubwa ule. Kinyongo kisicho na mgombea wake hutawanyika: wengine hurudi, wengine hususa, wachache huhama.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amemkumbuka Edward Lowassa. Julai 2015 jina lake lilikatwa Dodoma katika vikao vya CCM, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiunga na CHADEMA, akawa mgombea wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Mazingira ni tofauti, kwa sababu walioamua Dodoma ni vikao vya chama na si wananchi kwenye vituo vya kura, na kwa sababu Lowassa alihama yeye mwenyewe pamoja na mtandao wake. Alipata asilimia 39.97, rekodi kwa upinzani wa Tanzania wakati huo, na bado John Magufuli alishinda kwa zaidi ya asilimia 58. Lililo muhimu kwa hoja hii ni gharama yake. Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CHADEMA na mgombea wake wa 2010, aliondoka kwa sababu ya ujio huo, na Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Wawili hao walikuwa wamepata kwa pamoja zaidi ya theluthi ya kura mwaka 2010. Mlango uliofunguliwa kwa wenye kinyongo wa chama tawala uliwatoa wengine waliokuwa ndani, na faida halisi ikawa ndogo kuliko kishindo chake.

Harris alikutana na hesabu hiyohiyo mwaka 2024. Alijitahidi sana kuwavuta wafuasi wa Haley. Tarehe 3 Oktoba alipanda jukwaani mjini Ripon, Wisconsin, mji unaojivunia kuwa mahali chama cha Republican kilipozaliwa, akiwa na Liz Cheney, mbunge wa zamani wa Republican anayempinga Trump, na baadaye mwezi huo wawili hao walizunguka Pennsylvania, Michigan na Wisconsin kwa siku moja. Haley mwenyewe alikuwa ametangaza Mei kwamba atampigia Trump, na Julai alihutubia mkutano mkuu wa Republican mjini Milwaukee. Cheney ni binti wa Dick Cheney, mmoja wa wasanifu wakuu wa vita vya Iraq. Huko Michigan, jimbo ambalo maelfu ya raia wenye asili ya Lebanon, Iraq, Yemen na Palestina walikuwa wakifuatilia mabomu ya Gaza, na kuanzia Septemba ya kusini mwa Lebanon, jina hilo lilikuwa na maana ambayo wapanga kampeni walipaswa kuijua.

Watu hao walikuwa wamekwisha kusema. Tarehe 27 Februari 2024, katika mchujo wa Democratic wa Michigan, zaidi ya wapigakura 101,000, karibu asilimia 13, waliweka alama kwenye nafasi ya wasiomchagua yeyote. Waandaaji walikuwa wametangaza lengo la kura 10,000, tarakimu iliyochaguliwa makusudi kwa kukumbusha tofauti ya 2016. Katika mji wa Dearborn nafasi hiyo tupu ilimshinda Biden. Huko Wisconsin, wiki tano baadaye, wapatao 48,000 walifanya hivyohivyo. Agosti, kwenye mkutano mkuu wa Chicago, viongozi wa vuguvugu hilo waliomba Mmarekani mmoja mwenye asili ya Palestina apewe dakika chache jukwaani, wakanyimwa. Septemba walitangaza kwamba hawawezi kumuunga mkono Harris, huku wakiwaonya wafuasi wao dhidi ya Trump na dhidi ya kuzitawanya kura kwa vyama vidogo. Sijui namna iliyo ya uungwana zaidi ya kutoa onyo katika siasa: walitumia mchujo kwa kazi yake, mapema, kwa sauti ya wazi, na waliomba kitu ambacho chama kingeweza kutoa.

Novemba, Dearborn, mji ambao Biden alikuwa amepata karibu asilimia 69 mwaka 2020, ulimpa Trump asilimia 42, Harris 36 na Stein 18. Hiki ndicho kinyongo ambacho takwimu zinapaswa kukiogopa, kwa kuwa hawa walikipigia chama kile miaka minne nyuma. Si watu wa West Virginia. Lakini Trump alishinda Michigan kwa kura 80,103. Kura zote za Stein katika jimbo zima hazikufika 45,000. Hata kama zote zingekwenda kwa Harris, angeshindwa. Mabadiliko ya Dearborn na miji jirani yalichangia, hayakutosha, na bila Pennsylvania na Wisconsin hata Michigan isingemsaidia. Kwa hiyo wanaowalaumu Waarabu na Waislamu wa Michigan kwa kurudi kwa Trump wanawatupia mzigo usio wao, na wale ndani ya jumuiya hizo waliojivunia kwamba wao ndio waliomwadhibu Harris wanajipa uwezo ambao hawakuwa nao mwaka huo. Bei ya vyakula na uchovu wa wapigakura na serikali iliyopo vilihamisha kura nyingi zaidi, karibu kila wilaya ya nchi.

Nalipinga pia wazo lililo nyuma ya lawama hizo, kwamba kura ya Mdemokrat wa Dearborn ilikuwa mali ya Democratic na yeye ameiiba. Mtu aliyezika ndugu zake Bint Jbeil, kusini mwa Lebanon, au Gaza, ambaye aliomba kwa njia zote halali serikali yake ibadili sera, hana deni kwa mgombea aliyekataa ombi lake. Tunaweza kubishana naye kuhusu busara ya uamuzi wake, na mimi ningebishana naye kwa nguvu, kwa kuwa sikuona sababu ya kuamini kwamba Trump angekuwa bora kwake. Lakini mwenye kutafuta kura ndiye mwenye wajibu wa kuifuata ilipo.

Inawezekana kuifuata hata kwa kuchelewa. Mwaka 1968 Eugene McCarthy, seneta aliyepinga vita vya Vietnam, alipata asilimia 42 dhidi ya Rais Lyndon Johnson katika mchujo wa New Hampshire, na mwisho wa mwezi uleule Johnson akatangaza kwamba hatagombea. Watafiti waliochunguza kura hizo baadaye waligundua kwamba si wote waliompigia McCarthy walitaka amani. Wengi walikasirika kwa sababu waliona Johnson anapigana vita vya Vietnam kwa ulegevu, na baadhi yao waliishia kwa George Wallace, mgombea wa tatu aliyetetea ubaguzi wa rangi. Kundi hilo Hubert Humphrey, makamu wa rais wa Johnson, aliyepewa uteuzi bila kushiriki mchujo hata mmoja, asingelipata kwa njia yoyote. Lakini waliotaka amani walikuwa na ombi lililo wazi, na kwa wiki nyingi Humphrey alishindwa kulijibu kwa kumwogopa rais wake. Mwishoni mwa Septemba, kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilimweka kwenye asilimia 28 dhidi ya 43 za Nixon. Tarehe 30 Septemba, akiwa Salt Lake City, alisema kwenye televisheni kwamba angekuwa tayari kusimamisha mabomu dhidi ya Vietnam Kaskazini kwa ajili ya amani. Waliokuwa wakimzomea mikutanoni walipungua, michango ikaanza kuingia, na tarehe 29 Oktoba McCarthy mwenyewe, kwa shingo upande, akasema atampigia. Tarehe 5 Novemba Humphrey alipata asilimia 42.7 na Nixon 43.4. Hotuba ileile ingetolewa mwishoni mwa Agosti, kwenye jukwaa la Chicago ambako uteuzi ulifanyika, Humphrey angekuwa na wiki kumi za kuwarudisha watu wake badala ya tano.